Karatasi ya Daktari Haina Cheo

Mjomba akija kwangu Kisauni, Mombasa, huanza na kiti. Hata nikimpangia penye upepo, karibu na dirisha la vioo, atakiinua akisogeze mpaka ukutani, kisha ataketi akiutazama mlango. Ni sajini mstaafu, miaka thelathini na kitu ndani ya magwanda, na mambo yake mengi tumeyazoea bila kuyauliza. Jumapili ile alikisogeza vilevile, akapokea chai ya tangawizi, akasema, "Haya, huyu mgonjwa wetu yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa chumbani amelala, maana ametoka zamu ya usiku. Ni mdogo wangu, konstebo katika kituo ambacho sitakitaja. Miezi miwili nyuma gari la doria lilipinduka naye ndani, mgongo ukaumia. Daktari akamwandikia karatasi: asibebe mzigo, asisimame lindo, asipande gari la doria, apewe kazi nyepesi kwa siku 90. Mkubwa wake akaisoma ile karatasi, akaikunja mara mbili, akasema, "Nyepesi? Basi utakaa ripoti." Ripoti ndiyo ile meza ya mbele penye daftari la matukio, OB. Akapangwa usiku.

Mimi nilikuwa na swali moja tu: askari akiugua, nani amsemee? Nikawaita watu wanne waje tulizungumze juu ya chai na mahamri. Alikuwapo Mjomba, alikuwapo shemeji yangu, mke wa mgonjwa, mpwa wangu wa kike ambaye kazi yake ni ushauri nasaha, na wakili jirani yetu, mtu asiyeweza kunywa chai bila kutaja kifungu. Wa tano, binamu yangu, kijana wa boda, hakualikwa. Alikuja kuchaji simu.

MJOMBA: Mimi nitasema kweli hata ikiwachoma. Kituo kina askari wachache na kazi nyingi. Kuna zamu, kuna mahabusu wa kupelekwa kortini asubuhi, kuna benki ya kulindwa, mitihani ya taifa ikifika kuna makaratasi ya kulindwa. Ukimweka mmoja kando, mwenzake anafanya zamu mbili. Huyo wa zamu mbili naye hana mgongo? Halafu askari nawajua. Itangazwe leo kwamba watu wanatakiwa msitu wa Boni, utaona migongo ya kituo kizima inaanza kuuma jioni ile ile.

SHEMEJI: Mjomba, gari lilipinduka. Halikutangaziwa Boni.

MJOMBA: Sikumsema yeye, mwanangu. Namsema mkubwa aliyekaa na karatasi kumi mezani, zote zina mhuri, na hajui ipi ya kweli ipi ya kununua.

Neno hilo la Mjomba si la kupuuzwa. Sisi raia tukizungumza habari za polisi husahau kwamba kila asubuhi kuna gwaride, na kwenye gwaride kuna hesabu ya vichwa, na hesabu isipotimia yupo atakayeulizwa.

WAKILI: Tuanze na yule mlinzi wa supamaketi. Akishatimiza miezi miwili kazini, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mwaka angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Ni kidogo, lakini akinyimwa anajua mahakama iko wapi. Sasa fungueni kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo: haimhusu polisi. Haimhusu askari wa magereza wala mwanajeshi. Katiba nayo, kifungu cha 24, inaruhusu sheria impunguzie polisi haki kadhaa, ikiwamo ya kuwa na chama na zile haki za kazi za kifungu cha 41. Kwa hivyo ugonjwa wa polisi umewekwa ndani ya kanuni za huduma yenyewe, na ufunguo wa kanuni anao mkubwa.

MJOMBA: Na ruhusa zinatolewa. Mimi nilipopasuliwa kidole tumbo nilipewa mwezi mzima.

WAKILI: Ulipewa, Mzee. Hukudai.

MJOMBA: Kuna tofauti gani, na mwezi nilikaa nyumbani?

WAKILI: Tofauti utaiona siku utakayonyimwa. Lakini sikilizeni, huyu bwana wetu hayuko mtupu kabisa. Sheria ya mafao ya walioumia kazini, nayo ya 2007, inawahusu watumishi wa serikali isipokuwa wanajeshi. Mtu akiumia asiweze kufanya kazi tena maisha yake, fidia ni mishahara ya miezi 96. Na mwajiri akishaarifiwa kuhusu ajali ana siku 7 za kuipeleka taarifa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini.

SHEMEJI: Taarifa ya mume wangu ilipelekwa?

Wakili alimtazama Mjomba, Mjomba akatazama kikombe. "Hayo ni mambo ya makao makuu," alisema mwishowe.

SHEMEJI: Kila wiki anajaza P3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Mtu kapigwa chupa kilabuni, P3. Mke kavunjwa mkono, P3. Anaijaza sehemu yake, anamwelekeza mtu hospitali, anamwambia usiipoteze hiyo, ndiyo haki yako. Yeye kavunjika mgongo na gari la serikali, fomu yake mimi sijaiona. Nimeona karatasi ya daktari iliyokunjwa.

Nilimwomba atuambie hiyo kazi nyepesi ikoje, kwa sababu mimi na Wakili tulikuwa tukiiona kama kiti na kalamu.

SHEMEJI: Kiti na kalamu ndivyo. Saa nane za usiku anaingia mama, ameuma pembe ya leso ili asilie mbele ya mtoto, na mtoto ndiye aliyefanyiwa. Lazima amuulize. Saa ngapi? Alikuwa nani? Ilikuwa wapi? Anaandika. Mama hajatoka, wanaletwa vijana wawili wametapakaa damu, mmoja anataka kumuua mwenzake pale pale mezani. Anaandika. Kila kitu kwa saa na namba. Akirudi asubuhi mgongo hataji tena. Anavua viatu anakaa kitandani anatazama ukuta. Juzi nimemsikia usingizini anasema, "Saa nane na dakika kumi. Saa nane na dakika kumi." Nikamwamsha nikamuuliza kuna nini saa nane na dakika kumi. Akaniambia nilale.

MSHAURI: Daktari alipima mgongo, akaandika uzito ambao mgongo usibebe. Ule wa masikioni hakuna aliyeuandika. Na kituoni nao hawana neno la kazi nyepesi ila ripoti, kwa sababu wanapima wepesi kwa miguu. Kama hukimbii, hubebi, basi umepumzika.

MJOMBA: Mtu wa ripoti anakaa kwenye kivuli.

MSHAURI: Babu, nikuulize. Askari akuambie hajalala wiki mbili, na usiku anasikia milio ambayo wenzake hawaisikii. Utamfanyaje?

MJOMBA: Nitamwambia akalale.

MSHAURI: Na bunduki?

MJOMBA: Bunduki ndiyo kazi yake.

MSHAURI: Mimi ningeichukua siku hiyo hiyo.

Mjomba aliweka kikombe chini. Nimemwona akikasirika mara chache, na hasira yake haina sauti.

MJOMBA: Unajua unachosema? Askari akinyang'anywa silaha, kituo kizima kinajua kabla ya adhuhuri. Wenzake wanapanga foleni stoo, wanatia sahihi, wanapewa; yeye anasimama pembeni kama mtoto aliyekosa karo. Watauliza: kaua? Kalewa? Kaiuza risasi? Hakuna hata mmoja atakayeuliza kama analala. Kisha apewe nini? Kusimamia mahabusu wakifyeka nyasi. Safari zenye posho hapati. Cheo asahau. Sasa yeye si mjinga. Wiki ijayo mwenzake akiwa halali, atakuja kukwambia?

Nimeuzungusha mjadala ule kichwani tangu siku ile, na kila nikiuzungusha narudi hapa. Mjomba alikuwa anampinga mpwa wangu, kumbe alikuwa anamsaidia. Alikuwa ameeleza, kwa ufupi kuliko msomi yeyote, kwa nini askari wananyamaza: kunyamaza kunawalipa. Mtu mwenye mkopo wa sacco, mtoto sekondari na kodi ya nyumba atapima kati ya kusema na kukaa kimya, na mizani haiko mbali na macho yake. Ukitaka aseme, ondoa gharama ya kusema. Kumhubiria ujasiri hakutoshi.

MSHAURI: Basi tukubaliane hapo, Babu. Kosa haliko katika kuichukua. Liko katika vile inavyochukuliwa. Mtu akipewa dawa ya kusinzisha anaambiwa asiendeshe gari siku kadhaa, na hakuna anayesema kaiba gari. Ichukuliwe kwa tarehe, irudishwe kwa tarehe. Iandikwe kuwa ni shauri la daktari. Mshahara usiguswe, na kwenye orodha ya kupandishwa vyeo jina libaki lilipo.

MJOMBA: Na posho?

MSHAURI: Posho sina jibu.

KIJANA: Samahani jamani, nimekaa nikisikiliza. Mnamlilia karao? Juni 2024, kwenye maandamano, mlikuwa wapi? Vijana walipigwa risasi mchana, kwenye kamera, wengine walichukuliwa majumbani mwao hawajarudi. Mimi mwenyewe nimekula kirungu hapa Mombasa kwa kusimama tu na bendera. Kwenye mlango wa kituo wameandika "Utumishi kwa Wote". Nani aliniuliza mimi kama nalala?

Shemeji alishusha macho. Hakuna aliyemkemea kijana, na mimi mwenye nyumba sikuwa na haki ya kumkemea. Mahamri yalizungushwa. Nje mwadhini wa mtaa wa pili alikuwa anajaribu kipaza sauti.

MSHAURI: Hukuulizwa, na lilikuwa kosa. Mimi sikuombi umpende. Nakuuliza: yule aliyekupiga kirungu, ungependa awe amelala usiku uliotangulia, au hajalala siku tatu?

KIJANA: Ningependa asinipige.

MSHAURI: Haya. Unakumbuka Kabete, Desemba 2021? Konstebo alimpiga risasi mkewe nyumbani, akatoka na bunduki mtaani akaua na wengine, halafu akajiua. Waliokufa barabarani walikuwa raia, watu wa kutoka na kwenda kama wewe. Askari mgonjwa asiye na mtu wa kumwambia, wa kwanza kumkuta ni mkewe, na wa pili ni wewe na boda yako.

KIJANA: Sawa. Lakini aliyeua asije akajificha hospitalini. Akosaye apelekwe IPOA, kwa wale wanaowachunguza polisi, ajibu. Msituletee cheti cha daktari kila karao akishikwa.

WAKILI: Umesema neno kubwa kuliko unavyodhani. Uingereza askari asiyeweza kazi zote huwekwa katika fungu mojawapo kati ya matatu. Kuna kazi za kupona: mtu aliumwa, anarudi polepole, saa chache, kisha zaidi. Kuna kazi zilizorekebishwa: huyu hatapona sawasawa, lakini bado ana faida, basi kazi inakatwa imtoshe. La tatu ni la mtu mwenye tuhuma: anawekewa mipaka ili asiharibu ushahidi au asiguse raia. Kwetu mambo haya yote yana sura moja, mtu kasimama pembeni hana silaha. Mgonjwa anafanana na mshukiwa, na mshukiwa, kama alivyosema kijana, akipenda anafanana na mgonjwa.

Wakili akishapata upenyo hafungi mlango, kwa hiyo akaingia historia. Agosti 1918, alisema, polisi wa London waligoma, maelfu kwa maelfu, wakati vita havijaisha. Mwaka uliofuata wakagoma tena, safari hii Liverpool ndiyo iliyowaka zaidi. Serikali ikatunga sheria ya 1919: chama cha wafanyakazi marufuku kwa polisi, lakini badala yake wakaundiwa shirikisho lao la kisheria, ambalo lipo mpaka leo England na Wales. Haligomi. Mwakilishi wake ni askari kama wao. Mwenzake akiugua, akiwekewa mipaka ya kazi, akiitwa na mkubwa, yeye huingia naye chumbani na kuketi kando yake. Na mishahara ya ugonjwa imeandikwa: miezi 6 kamili, kisha miezi 6 nusu.

MJOMBA: Na wale wa Liverpool waliogoma?

WAKILI: Walifukuzwa.

MJOMBA: Wangapi?

WAKILI: Karibu elfu moja.

MJOMBA: (akicheka) Hiyo ndiyo habari ya chama. Ulianzia mwisho.

WAKILI: Afrika Kusini basi. POPCRU ipo tangu 1989, polisi na magereza pamoja, na sheria haiwaruhusu kugoma. Nchi haijaanguka.

MJOMBA: Afrika Kusini ni Afrika Kusini. Hapa kwetu mtu wa kuingia na askari kwa OCS, mkuu wa kituo, ataitwa mchochezi. Wiki ya pili atakuwa Mandera.

Uhamisho. Neno hilo lilikuwa halijatajwa mpaka wakati huo, na lilipotajwa niliona Shemeji akikaza mtandio wake. Ndiyo adhabu isiyoandikwa popote kuwa ni adhabu.

Nikamgeukia mpwa wangu. Nilidhani yeye angalau ana habari njema, kwani tume inayosimamia huduma ya polisi ina kitengo chake cha ushauri nasaha. Wakili alimwahi.

WAKILI: Hebu nikuulize kwa heshima. Tume hiyo, kwa kifungu cha 246 cha Katiba, ndiyo inayoajiri, inayopandisha vyeo, inayohamisha na inayoadhibu. Sasa askari aje alie kwenye chumba cha chini, na faili za vyeo ziko ghorofa ya juu ya jengo lile lile. Wewe ungelia?

MSHAURI: Ningeuliza kwanza funguo za kabati anazo nani.

WAKILI: Na?

MSHAURI: Na ndivyo wanavyouliza. Mtu anaketi dakika ishirini anazungumza habari za mpira. Kisha anauliza, haya tunayosema yanaandikwa? Namwambia siri yako ni yako, isipokuwa ukitaka kujidhuru au kudhuru mtu. Anafikiri, anarudi kwenye mpira. Ninaujua ule mpira. Wapo wenzangu wanaoitwa tu baada ya watu kufa, kama ilivyokuwa Suguta mwaka 2012 walipouawa askari zaidi ya 40. Watu wanapangwa ukumbini, wanazungumziwa kwa pamoja, wanatia sahihi kuwa wamehudhuria. Kundi zima limeshauriwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Akaongeza jambo ambalo nilikuwa silijui. Mpaka Januari 2025, pale Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa, kifungo hadi miaka 2. Maana yake askari aliyenusurika na mkono wake mwenyewe alipaswa kukamatwa na wenzake, aandikwe OB, awekwe ndani. "Sasa huyo," alisema mpwa wangu, "angeanzia wapi kumwambia mtu?"

Wakili alitaja pia kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichoundwa Desemba 2022 kuchunguza hali za polisi, magereza na vijana wa huduma kwa taifa, kikatoa ripoti Novemba 2023, na nyongeza ya asilimia 40 kwa askari wa chini iliyopendekezwa humo. Hatukukaa hapo. Fedha ni muhimu, Shemeji alisema, yeye hakatai fedha, ila mume wake akiongezewa mshahara atazinduka saa nane na dakika kumi akiwa na mshahara mkubwa.

Kisha akasema jambo lililonikaa kuliko vifungu vyote.

SHEMEJI: Tulipokuwa laini, zile nyumba za polisi, mabati matupu, chumba kimoja kimekatwa kwa pazia, huku sisi, huku koplo na watoto watatu. Joto la Mombasa mnalijua. Nililia nitoke. Mwaka 2018 serikali iliposema askari wapewe posho ya nyumba wakaishi na raia, mimi nilifunga mizigo siku hiyo hiyo. Sasa tuna vyumba viwili, tuna choo chetu. Lakini laini, koplo akipiga kelele usingizini mimi nasikia. Asubuhi namwambia mkewe, mumeo vipi? Mkewe anasema tangu wiki ile ya ajali. Tunamwambia mama wa inspekta, na mama wa inspekta anamwambia inspekta wakila. Jioni koplo anabadilishwa zamu, na hakuna aliyejua nani alisema. Sasa hivi jirani zangu hawajui mume wangu ni askari. Anatoka na suruali ya jinzi, magwanda yamo kwenye begi la mgongoni, huo huo mgongo mbovu. Akipiga kelele usiku, ukutani nagongewa nipunguze televisheni.

Mjomba alitikisa kichwa taratibu. Mama wa inspekta alimjua. Kila laini ilikuwa naye.

Sisemi watu warudi kwenye mabati. Ila tulibomoa nyumba mbaya iliyokuwa na masikio, tukawapa nyumba nzuri isiyosikia, na hapakuwa na aliyepangiwa kuichukua kazi ya yule mama. Kazi yake ilikuwa kumpita mkubwa pembeni bila kumvunjia heshima. Mimi, kama ningeulizwa, ningemtafuta mtu wa aina hiyo kabla ya kutafuta sheria mpya: askari wa kila kituo, aliyechaguliwa na wenzake, mwenye barua ya kumlinda asihamishwe kwa sababu ya kusema, ambaye karatasi ya daktari inamfikia siku moja na inapomfikia OCS. Chama wakiogope, waogope. Mtu wa kuketi kando ya mgonjwa wana sababu gani ya kumwogopa?

MJOMBA: Mnasema sana nani amsemee. Mimi nani alinisemea? Agosti 7, 1998 nilikuwa Nairobi, konstebo. Ubalozi wa Marekani. Tulifika moshi haujatulia. Watu walikuwa wamesikia mlio wa kwanza, mdogo, wakasogea madirishani kutazama, halafu ukaja ule mkubwa na vioo vyote. Tuliwatoa kwa mikono. Macho, mnanielewa? Macho ya watu. Mpaka usiku. Usiku tukapewa chai na mkate, chai nzuri, ya maziwa. Asubuhi gwaride kama kawaida, buti zimepigwa rangi. Hatukupewa mshauri. Na nilitumika miaka mingine mingi, sikuua mtu, sikujiua.

Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu alitazama dirisha, akatazama kiti kilichosogezwa ukutani, na nilidhani atauliza. Hakuuliza. Alimmiminia chai.

"Ya maziwa?" Mjomba akasema.

"Ya maziwa, Babu."

Saa kumi na moja na robo mlango wa chumba ukafunguka. Mdogo wangu alitoka amevaa fulana, anatembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa, akiogopa isimwagike. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, umeamkaje?" "Salama." Akawasalimu wengine, akakaa kwenye kiti cha dirishani ambacho Mjomba hakukitaka. Kama alikuwa anatusikia tangu mwanzo, hakuonyesha.

Shemeji akaingia ndani akarudi na bahasha ya khaki. Humo mlikuwa na karatasi ya pili, ambayo hata mimi sikuwa na habari nayo. Daktari alikuwa ameongeza mstari kwa mkono: asipangwe zamu za usiku. Tarehe yake ilikuwa ya siku kumi na moja zilizopita.

MJOMBA: Hii umeipeleka?

MDOGO WANGU: Nitaipeleka.

MJOMBA: Usimpelekee mkononi. Ya kwanza aliikunja, na hii ataikunja. Karatasi ya daktari haina cheo pale. Toa nakala, halafu kabla hujaingia kwake iandikishe kwenye OB. Askari namba fulani ameripoti mgonjwa, ameleta cheti cha tarehe fulani, kinasema hivi na hivi. Ikishaingia OB ina namba. Mkubwa hawezi kukunja OB.

Wakili alifungua mdomo akaufunga. Katika vifungu vyake vyote hicho hakikuwamo.

Mdogo wangu aliigeuza bahasha, akaitia kwenye begi juu ya magwanda yaliyopigwa pasi. Zamu yake ilikuwa saa kumi na mbili.

"Mjomba," alisema, "OB naiandika mimi."

Mjomba alifikiri.

"Basi iandike," alisema. "Na usisahau saa."